Upande Usio na Bango

Matisi, Kitale
Jumapili, 14 Januari 2024

Kabiru baba,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Natumaini barua hii itakukuta mzima na umefua soksi. Mimi niko salama, goti tu ndilo hunisumbua nikitoka kukama.

Usishtuke kuona barua. Kwa simu mimi na wewe siku hizi tunapigana. Wewe unaongea haraka, mimi nasema "eee, eee" kama nimeelewa, halafu nikikata nabaki nimeshika kichwa. Na Mwalimu Wakonyo wa gumbaru, lile darasa letu la watu wazima, ametuambia mtu mzima akitaka kujua kuandika, amwandikie mtu anayempenda. Sasa mimi niliishia darasa la tatu, na mtu wangu ni wewe. Barua nimempa Gathii, yule wa kupeleka vitunguu soko la Bungoma, pamoja na waru, viazi vya shamba letu. Zile ndogo chemsha na maganda. Ukijibu mpatie yeye.

Basi niseme. Krismasi ulituambia unajifunza lugha ya kompyuta kwa mzee anaitwa Khaemba, na lugha yenyewe ni Pascal. Nilinyamaza kwa sababu ya wageni. Lakini tangu hapo roho yangu haijakaa chini.

Nimeuliza, usikasirike. Nilienda kwa Hillary wa saiba, pale pa kompyuta za kulipia, nikamwambia aniangalizie hiyo Pascal. Akacheka mpaka akavua miwani. "Mama Kabiru, hiyo si tulifanya sekondari! Hiyo ilishazikwa." Akaandika Pascal, akaandika na ile ingine ya nyoka, Python, akanionyesha nambari za wanaoitaja kwenye mtandao. Ya nyoka ilikuwa na sifuri zimefuatana kama ng'ombe wakienda mtoni. Sikumwamini peke yake. Nikatembea mjini na goti langu nikisoma mabango ya vyuo, moja moja, midomo ikicheza. Python. Python. Pascal hata bango moja, baba. Hata la kuegemea ukuta. Na Joan wa chama chetu, kijana wake alisoma ya nyoka, sasa Joan hawezi kumaliza maombi bila kumshukuru Mungu kwa ofisi ya kijana wake.

Wewe ulikuwa mdogo, lakini mimi nilimwona baba yako. Alikuwa fundi wa taipureta, alizijua kama vidole vyake. Mawakili walimwita kwa jina. Halafu wakaacha kuja, na yeye akaendelea kufungua kibanda kila asubuhi, anapangusa kwa kitambaa mashine ambazo wenyewe hawangerudi kuzichukua. Alikufa bado ana mafuta ya mashine kwenye kucha. Sitaki kuona hiyo tena. Afadhali nife kwanza.

Ni nani anaongea hiyo lugha, Kabiru? Wako wapi?

Mama yako,
Waithera

*

Bungoma
28 Januari 2024

Mama mpendwa,

Soksi nimefua. Waru zimeisha, Gathii alikula zingine njiani, muulize.

Barua yako nimeisoma mara nyingi, na nimecheka na nimesikitika. Umetembea mji mzima na hilo goti kwa sababu yangu! Maitu, mama yangu, pole.

Sasa nikujibu polepole, kwa sababu kwenye karatasi huwezi kuniambia "eee".

Zile nambari za Hillary hazihesabu wanaofanya kazi. Zinahesabu jina limetajwa wapi. Kwanza kuna watu wengi wanaitwa Pascal, na wote wamo, hata wachezaji wa mpira. Na ukiandika Python, hata nyoka mwenyewe anahesabiwa, na wale wanaomfuga. Kuna wengine hupima kwa maswali: lugha gani watu wanauliza sana kwenye mtandao. Lakini mama, ni nani huuliza? Ni mtu amekwama, au ndio kwanza anaanza. Mtu ambaye kazi yake inaendelea haulizi kitu. Na mabango ya vyuo yanakuonyesha tu chuo kinauza nini.

Sisemi ile ya nyoka ni mbaya. Ni nzuri sana, naijua kidogo, na watu wengi kweli wanaitumia. Nasema tu hakuna mtu amewahi kwenda kuhesabu kila kompyuta iliyokaa kwenye kona inafanya kazi kimya. Haiwezekani. Kwa hivyo wanahesabu kinachoonekana.

Mzee Khaemba aliandika programu ya kupima maziwa. Mkulima anaweka mtungi kwenye mizani, kompyuta inasoma, risiti inatoka. Iko Sirisia, iko Kabuchai, iko vituo vingine mpaka upande wenu wa Trans-Nzoia. Vyote vinatumia Pascal, na vyote vinamtegemea yeye. Na macho yake, mama, yanaingia ukungu. Herufi ndogo haoni tena. Tuko wawili tunaojifunza kwake, mimi na Pauline wa Kabuchai, lakini ameniambia mimi ndiye wa kwanza. Pasaka atanipeleka Sirisia mbele ya kamati ya kituo aseme, "Huyu ndiye mtamwita."

Hajawahi kunisifu. Juzi alisikiliza nikimsomea kazi niliyoandika, akasema, "Hapo sina neno." Nilitembea mpaka nyumbani bila kujua nimepita wapi.

Niombee tu. Usiogope.

Mwanao,
Kabiru

*

Matisi, Kitale
11 Februari 2024

Kwa Mzee Khaemba,

Salamu nyingi. Hunijui. Mimi ni mamake Kabiru. Barua hii ataileta Gathii mpaka ofisini kwako, nyuma ya posho mill, kile kinu cha unga. Nisamehe mwandiko.

Mzee, nakuheshimu. Mtoto wangu anakusifu mpaka naona wivu. Lakini mimi ni mjane na huyo ndiye niko naye. Marehemu mume wangu alikuwa fundi wa kitu ambacho watu waliacha kutaka, na nilimwona akiisha. Sasa nasikia unamfundisha kijana lugha ambayo hata saiba wanaicheka. Nimeuliza, nimesoma mabango yote ya Kitale. Haipo.

Kabiru hatakuacha mwenyewe. Ana moyo wa kushikilia, kama baba yake. Mimi nikimwambia atanieleza mpaka nishindwe, kwa sababu yeye amesoma. Kwa hivyo nakuomba wewe kama mzazi kwa mzazi. Mwachilie kabla ya Pasaka. Mwambie aende ajifunze hizi za siku hizi.

Na tafadhali, mzee wangu, usimwambie ni mimi.

Mungu akurudishie macho.

Waithera, Mama Kabiru

*

Bungoma
22 Februari 2024

Mama Kabiru,

Mulembe, amani kwako.

Nimesomewa barua yako. Nilikaa nayo siku kadhaa.

Kabiru ana mikono mizuri. Nilitaka kukueleza kwa nini mabango si kipimo, lakini nimeona hukuniandikia kuuliza. Umeniandikia kuomba. Mimi nimelelewa kwamba mama akija kudai mtoto wake, hubishani naye mlangoni.

Nitamwachilia. Nitamwambia nimemchagua mwingine. Sitakutaja. Ataumia, na atafikiri ni kwa sababu yake mwenyewe. Hilo sina dawa yake. Ulijue tu.

Khaemba

(Nimeandika mimi, Pauline, kwa sababu ya macho ya Mzee. Yeye ametia sahihi.)

*

Bungoma
17 Machi 2024

Mama,

Furahi. Nimeachana na Pascal.

Si kwa kupenda kwangu. Mzee Khaemba aliniita, akaniambia nisikae. Akasema amemchagua Pauline, yeye ndiye ataenda Sirisia. Akasema mimi niende nikajifunze mambo ya vijana wenzangu. Nikamuuliza, "Mzee, nimekosea wapi?" Akasema, "Hujakosea." Nikangoja aseme lingine. Akageuka akaanza kutafuta fimbo yake, na fimbo ilikuwa mkononi mwake.

Nimepitia kila kitu nilichowahi kumwandikia nikitafuta kosa. Kuna mahali nilikosea hesabu mwezi wa kumi na mbili, lakini tulirekebisha, alicheka hata. Labda ni hapo. Labda alikuwa ananichunguza tu na mimi nikajiona nimefika.

Wiki ijayo naanza Python kwenye chuo hapa mjini. Wana bango kubwa, utalipenda.

Kabiru

*

Matisi, Kitale
31 Machi 2024, Pasaka

Kabiru baba,

Amefufuka! Leo kanisani nimeimba mpaka jirani yetu Rahab akanikanyaga mguu ati nipunguze.

Barua yako imenifikia. Pole, mtoto wangu. Wazee wana mambo yao, usijisumbue kichwa. Pengine Mungu amefunga mlango huo ndiyo afungue mwingine. Joan amefurahi sana, anasema kijana wake atakutumia vitabu. Na Hillary amesema karibu dunia ya walio hai! Ni mzaha wake, usimjali.

Unakula? Nimekutumia mukimo kwenye kile chombo cha kifuniko cha bluu. Chombo nirudishie.

Huku mvua imeanza na watu wanapanda. Wacha nikuchekeshe. Wale watu wa mbegu mpya wameweka bango kwa shamba la Rahab, lile linapakana na barabara ya lami. Wamempa mbegu ya bure na mbolea yake. Sasa unajua Rahab amefanya nini? Hiyo mbegu ya bango ameipanda ile mistari ya mbele tu, hapo kwa barabara. Nyuma yote amepanda ile yetu ya zamani, ile sisi sote hupanda. Nikamwambia, "Wewe Rahab, wapita njia watadhani shamba zima ni la hiyo mpya." Akaniambia, "Wadhani! Si ndiyo kazi ya bango?" Tulicheka mpaka tukakaa chini kwa matuta.

Cheka pia, baba. Usinyamaze sana.

Mama yako,
Waithera

*

Bungoma
18 Agosti 2024

Mama,

Samahani nimekaa miezi bila kuandika. Chombo cha bluu Gathii analeta.

Kozi nilimaliza. Nilipita vizuri, cheti kizuri, kina dhahabu pembeni. Nimeomba kazi kila mahali. Juzi niliitwa Eldoret kwa mahojiano ya nafasi moja. Tulikuwa wengi mpaka tukakaa kwenye nyasi, na kila mtu ana cheti kama changu, chenye dhahabu. Kijana aliyekaa karibu nami alitoka Kakamega, anaijua hiyo lugha kunishinda mara kumi, na hayo yalikuwa mahojiano yake ya ishirini na kitu. Tukagawana mahindi ya kuchoma. Poa tu, tulicheka.

Kwa sasa nabadilisha vioo vya simu kwenye duka hapa mjini. Mimi ni fundi, kama baba. Usilie, nakujua.

Mama, nataka kukuuliza kitu, na ukitaka usinijibu. Uliwahi kujuana na Mzee Khaemba?

Kabiru

*

Matisi, Kitale
1 Septemba 2024

Kabiru baba,

Silii. Nani amesema nalia. Kazi ya vioo si mbaya, simu zinaanguka kila siku, watu hawana mikono.

Huyo mzee nitamjulia wapi mimi? Huku Matisi na huko Bungoma! Nilisikia jina lake kwako tu. Labda mtu amekuchanganya.

Ng'ombe yule wa madoa amezaa, ndama jike. Maziwa sasa ni mengi, napeleka kituoni asubuhi na jioni, na goti limezoea. Yule wa mizani ananiita "mteja wa kwanza". Ananipa risiti yangu naingiza kwa kitambaa, nafika nyumbani naiweka kwenye Biblia. Gumbaru sasa nasoma bila kugusa mstari kwa kidole.

Vitunguu usile vibichi, vinakuchoma.

Mama yako,
Waithera

*

Matisi, Kitale
24 Novemba 2024

Kabiru mwanangu,

Barua hii nimeianza mara nyingi na kila mara naichana nawashia jiko. Leo nimesema sitaichana.

Wiki iliyopita mizani ya kituo ilikataa. Tulipanga foleni na mitungi mpaka jua likapanda, akina mama wakaanza kusema maziwa yanaganda, yule wa mizani akapiga simu. Baada ya saa sita akaja msichana na mkoba mgongoni. Mwembamba, mpole, ametapakaa vumbi la safari. Alilala chini ya meza, akatoka ameshika waya umetafunwa. "Ni panya," akasema. "Kompyuta iko sawa." Akaunganisha, na risiti zikaanza kutoka kama hakuna kilichotokea.

Nikamhurumia nikampa chai ya kwenye chupa yangu. Tukakaa kwa ile benchi. Nikamuuliza, "Mtoto, hii mashine inatumia lugha gani?" Sijui ni nini kilinituma niulize. Akasema, "Pascal, mama." Nikamwambia haiwezekani, Hillary wa saiba hajasikia mtu anaitumia. Akacheka. "Nani angemuuliza Hillary? Tangu iwekwe haijaharibika. Na leo ni panya."

Kabiru, mimi nimekuwa nikipeleka maziwa hapo tangu uko sekondari. Hizo risiti zimejaa kwenye Biblia yangu, kutoka Mwanzo mpaka Zaburi. Nilikuwa nakuuliza ni nani anaongea hiyo lugha. Ilikuwa inaongea na mimi kila asubuhi.

Nikamuuliza jina. Akasema Pauline. Hapo nikaweka chupa chini, kwa sababu mwandiko wa Pauline naujua. Naye akaniangalia nikajua ananijua pia, kutoka mwanzo, tangu aliposikia watu wa foleni wakiniita Mama Kabiru, hata kabla sijampa kikombe. Alikuwa ameinywa tu kwa heshima. Nikamuuliza, "Mzee hajambo?" Akasema macho yameisha kabisa. Akarudisha kikombe kwa mikono miwili akaenda.

Sasa nikuambie. Mzee Khaemba hakukukataa. Ni mimi nilimwandikia. Nilimwomba akuachilie kabla ya Pasaka, na nikamwomba asikuambie. Yeye alinijibu kwamba una mikono mizuri, na kwamba utaumia ukidhani ni kosa lako. Aliniambia wazi. Barua yake nilikuwa nayo, na wewe ukaniandikia unatafuta kosa, na mimi nikakujibu habari za mukimo. Kosa halikuwepo, baba. Usilitafute tena.

Na ukaniuliza mwezi wa nane. Nikasema nitamjulia wapi.

Kile kinachonisumbua zaidi ni Rahab. Mimi nilisimama kwa shamba lake nikicheka bango. Huku Trans-Nzoia kila mtu anajua, hata watoto, kwamba bango ni la mistari ya mbele. Hakuna mtu mwenye akili anapanda kwa kufuata bango. Mbegu yangu mwenyewe haina bango, hakuna mtu anauliza habari zake kwenye agroveti, duka la mbegu, watu wananunua tu inaisha. Hayo yote nayajua. Lakini ikafika ni mtoto wangu, nikatembea na goti nikihesabu mabango.

Niliogopa. Sina lingine la kusema. Nilikuwa namwona baba yako na kile kitambaa chake.

Nilienda kwa mwalimu wa gumbaru kumwuliza barua ya namna hii huwa inaishaje. Akasema haina mwisho maalum, mtu anaandika jina lake tu.

Waithera

*

Bungoma
12 Januari 2025

Mama,

Nilijua.

Pauline aliniambia mwezi wa saba. Alisema ile barua ilikuwa imemlemea, kwa sababu ni yeye aliyemsomea Mzee, na ni yeye aliyeandika jibu, na ni yeye aliyepewa nafasi. Alikuja mpaka dukani, akasimama mbele ya wateja akaniambia. Nilimwambia sawa, asante, kioo cha nani hiki.

Ndiyo maana nilikuuliza Agosti. Sikuwa nakutega, mama. Nilikuwa nimekuachia mlango. Ulipojibu ati nitamjulia wapi, niliikunja hiyo barua na sikuandika tena. Ni hiyo iliyoniumiza, si ile ya kwanza uliyomwandikia Mzee. Ile ya kwanza ningekusamehe siku hiyo hiyo. Hii ilinichukua mpaka sasa, na bado sijamaliza, sitakudanganya.

Lakini na mimi kuna jambo sijawahi kuliandika. Mzee aliponiambia niende, nilimuuliza mara moja tu nimekosea wapi. Mtu anayetaka kukaa huuliza mara ngapi? Mimi pia nilikuwa naangalia zile nambari, mama. Nilikueleza vizuri kwamba hazina maana, halafu nikirudi kwangu nazifungua. Vijana tuliosoma pamoja wananiuliza nafanya nini, nikisema Pascal wanacheka kama Hillary. Kwa hivyo aliponisukuma, niliumia, lakini kuna sehemu yangu ilisimama upesi. Wewe ulimwandikia. Mimi niliondoka.

Nafasi imekwenda na ilikwenda kwa mtu anayeifaa. Pauline ni mzuri. Sirisia wanamwita wakiwa na shida, Kabuchai wanamwita. Mimi huenda kwa Mzee Jumamosi tu, hakuna mtu amenituma wala kunilipa. Namsomea ile programu. Anakaa na fimbo kati ya magoti, mimi nasoma mstari kwa mstari kwa sauti, na akisikia mahali anapopapenda anainua mkono nirudie. Nilimuuliza kama alikukasirikia. Akasema, "Aliniombea macho."

Mvua ya Aprili ikinyesha nitajaribu kuja nikusaidie kupanda. Sijui tarehe. Ule upande wa nyuma wa shamba, unaopakana na mto, usiupande. Niachie.

Kabiru

*

Matisi, Kitale
Jumapili, 4 Mei 2025

Kabiru baba,

Sikuandiki kukuharakisha. Nimemwambia Gathii hata asikuulize, akupe tu waru aondoke.

Wale wa mbegu walikuja tena kwa Rahab. Bango la mwaka jana waling'oa, wakaweka la mbegu nyingine mpya pale pale, kwenye shimo lile lile. Rahab ametumia la zamani kuziba banda la kuku. Kuku hawajui kusoma, wanalala vizuri.

Nilikwenda kituoni nikamwomba yule wa mizani aniruhusu nisimame nyuma yake kidogo. Akaniuliza natafuta nini. Nikasema naangalia tu. Nilitazama mtungi wa mama mmoja, Phelista, ukipimwa, na wa mama mwingine, na wangu. Maneno kwenye kioo cha kompyuta ni madogo, sikuyaelewa, lakini niliyasoma. Sasa naweza kusoma hata nisichokielewa. Nilifikiri haya ni yale unayomsomea Mzee. Msalimie. Kama anakubali salamu zangu, sijui, lakini msalimie.

Mahindi ya Rahab yamefika kwenye magoti. Ya kwangu pia, upande wa mbele. Upande wa nyuma haujapandwa, kama ulivyosema. Watu wakipita wananiuliza, "Mama Kabiru, hapo vipi, mbegu iliisha?" Nasema haikuisha. Rahab ananiambia mvua haingoji mtu, ukipanda sasa utavuna makapi. Najua. Mimi ni mkulima.

Lakini nimeupalilia. Hakuna jani moja la magugu. Jana jioni nilitoka kukama nikapitia huko nikasimama, udongo ni mweusi na umelainika, na sikumuuliza mtu yeyote chochote.

Mama yako,
Waithera